Sauti Moja Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha tatu, takriri. Sauti moja inajirudia mwanzoni mwa maneno. Nikaandika ubaoni: Kaka kakata kuni kavu kule Katumba. Wakacheka. Mimi hapana.
Nyumbani nikamlisha Deo uji. Mume wangu huyu aliongoza sherehe za harusi Mpanda nzima. Tangu apigwe kiharusi, hasemi. Sijalia bado.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Dada wa mazoezi ya kuongea kasema tushike sauti moja mpaka ikae mdomoni. Tumeanza na m. Mama, maji, mahindi, Mishamo. Udenda tu. Nikafuta.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji Pius kaja na pikipiki kutoka Magamba. Ukoo umekaa. Deo arudi kwao, akili zake hazipo tena. Kayasema mbele yake. Watakuja na gari Jumapili ya tarehe 16.
Nikasema sawa. Nilisikia nafuu. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 11 Machi
"Maji" imetoka. Peke yake neno linamkwama. Nikitanguliza mengine yenye sauti ileile, linafuata. Nilipaswa kufurahi. Nikaenda kuchambua maharage.

Alhamisi, 13 Machi
Leo s. Haikutoka. Deo kapiga meza kwa mkono mzima, kalia. Nikamwangalia tu.

Jumapili, 16 Machi
Wamekuja, Pius na shangazi yao. Nguo za Deo nilishazikunja mwenyewe.
Shangazi akamwuliza Deo kama yuko tayari kuondoka. Deo akanitazama. Mdomo unahangaika, hewa tu. Sijui kwa nini nilifungua wangu.
"Sabuni. Sukari. Sahani. Sima."
Pius akaniambia niache michezo, shemeji, gari linasubiri. Nikarudia, polepole.
"Si," akasema Deo. "Sitaki."
Shangazi akapiga magoti mbele ya kiti chake.
"Unataka wapi, baba?"
"Hapa." Akavuta pumzi. "Hapa hapa."
Sauti ya h hatujawahi kuifanyia mazoezi.
Shangazi akazirudisha nguo kabatini, moja moja. Pius akatoka kumwambia dereva.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimesahihisha madaftari nikiwa nimekaa karibu naye. Hakusema kitu, nami sikumwomba aseme. Mchana nilisikia njaa, mara ya kwanza tangu augue. Nikapakua wali, nikala wote, nikaongeza.