Malazi kwa L

Busanza, Kigali
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba goti limetulia na kwamba unatumia dawa alizosema daktari, si alizosema jirani. Je, senene wameanza kuanguka huko Bukoba? Huku mvua hunyesha jioni, na asubuhi watu wanakwenda kazini kama kawaida. Mimi ni mzima, nakula, na nalala vizuri.

Najua unasoma ukitafuta jibu. Uliniandikia kwamba shule ya sekondari pale mjini inataka mwalimu wa kompyuta, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno tangu Baba atutoke, na kwamba Kigali imetosha. Nikakuahidi kukujibu nikishamaliza kazi ya hoteli. Imekwisha juzi. Nivumilie kidogo nikueleze ilivyokwisha, maana jibu limo humo humo.

Hoteli yenyewe iko Kiyovu, na mwenyewe ni Bwana Achille, mtu mpole asiyependa kusubiri. Nilimtengenezea programu ya mapokezi. Ndani yake kuna dirisha linaloonyesha ukurasa kama wa intaneti, na ukurasa huo unaonyesha vyumba vyote, kila kimoja katika kisanduku chake: kilicho wazi kijani, chenye mgeni chekundu. Faili la programu nililipa jina Malazi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kutobabaikia majina ya Kizungu. Lakini kwenye kioo huonekana jina la hoteli tu.

Ofisini kwangu, Kacyiru, visanduku vilikaa safu kwa safu. Kule hotelini vikashuka kimoja chini ya kingine, foleni isiyo na mwisho. Kankindi, dada wa mapokezi, alinipigia akisema, "Madamu, chumba zote iko inashuka chini, ya mgeni siioni." Bwana Achille naye akasema kwamba wageni wa mkutano aliokuwa akiwatarajia wakifika kabla programu haijatengenezeka, atarudi kwenye daftari lake na mkataba wangu utaishia hapo. Bila mkataba huo sikuwa na sababu ya kubaki Kigali, ndivyo nilivyojiambia.

Nikaanza kutafuta. Nikapunguza upana wa visanduku, nikavichorea mipaka nione kipi kinamsukuma mwenzake, nikabadili ukubwa wa maandishi. Wapi! Kankindi akiufungua ukurasa huo huo katika kivinjari cha kawaida, kompyuta ile ile, unakaa vizuri. Ndani ya programu unaharibika. Mwishowe nikauongezea mstari mmoja wa kuutaka useme wenyewe unadhani umo ndani ya kivinjari gani. Kwangu ulitaja toleo la karibuni. Kwa Kankindi ulitaja la zamani mno, la enzi nikiwa shule ya msingi, lisilojua hata kupanga vitu kwa safu.

Kumbe ukurasa haukuwa na kosa. Dirisha la aina hiyo, Mama, hujifanya kivinjari cha kizamani mpaka uliambie liache. Kuliambia ni kuandika jina la faili la programu kwenye mipangilio ya kompyuta, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya toleo unalotaka. Ukikosea jina, kompyuta hailalamiki. Inanyamaza na kuendelea na uzee wake. Kwangu nililiandika mwenyewe. Hotelini aliliandika Silvère, fundi wao aliyekulia Bujumbura, baada ya mimi kumtumia maelekezo kwa ujumbe wa sauti.

Nikapanda pikipiki hadi Kiyovu, nikafungua mipangilio, na hapo nikaliona: Marazi.

Nilicheka, Mama, nilicheka vibaya. Nikamwambia Silvère mbele ya Kankindi kwamba nyie watu wa huku na r zenu mmegeuza malazi ya wageni kuwa maradhi. Hakukasirika. Alitoa simu, akautafuta ujumbe wangu, akaufungulia. Sauti yangu ikasema wazi, bila haraka yoyote, kwamba jina la programu ni Marazi. Tukaurudia. Marazi. Kankindi akashika mdomo, kisha akasema, "Ni wewe, Madamu. Umeshakuwa mtu ya hapa."

Wao walicheka, mimi kicheko kiliniishia. Unakumbuka Baba, naye mzaliwa wa huku, alivyokuwa akiomba mchere, akituaga akarare, nawe mwalimu wa Kiswahili ukimsahihisha mezani kila siku, naye akikubali, na kesho yake akiomba mchere? Tangu tumzike nilikuwa najaribu kuikumbuka sauti yake, inanikimbia. Juzi niliisikia, imetoka kinywani mwangu. Nikaomba ruhusa, nikaenda bustanini, nikalia.

Kisha nikarudi, nikafuta r, nikaweka l. Tukaifunga programu na kuifungua upya, na visanduku vikajipanga safu kwa safu. Bwana Achille akachungulia, akasema sawa, akaenda zake.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Wakati wote ule nikihangaika na visanduku, upande mmoja wa moyo wangu uliomba visikae. Vingegoma, mkataba ungevunjika, ningerudi kwako bila kuamua lolote, nikailaumu kompyuta. Vilipokaa, nilifurahi hata nikajishangaa, na ndipo nikajua. Mama, sirudi. Si kwa ajili ya mkataba. Hata ungevunjika ningebaki. Nilikuja huku nikijiita mgeni, nikiwacheka watu usemi wao, kumbe nimekuwa wa kwao, na wa Baba, bila kujua. Najua hili litakuuma, na mimi linaniuma kuliandika.

Lakini sitaki ukae peke yako katika nyumba ile. Hapa kwangu kuna chumba cha pili, nimekwisha kutandika kitanda. Njoo, hata kwa msimu mmoja tu, uusikie mtaa mzima ukiongea kama mumeo.

Wasalimie Koku na wanawe, na wote wanaoniulizia kanisani. Nangojea simu yako, hata ikiwa ya kunigombeza.

Mwanao akupendaye,
Kanyange