Upande Wenye Treni

Dar es Salaam, 1988

Dada Nyangeta,

Shikamoo. Picha ya treni isikudanganye. Kadi hii alinitumia ikiwa tupu ndani ya bahasha yule rafiki yangu wa barua wa Ujerumani, mimi bado niko hapa hapa Dar, jua linanichoma kwenye geti la ubalozi.

Ile safari ya nchi tano, mwezi mzima ndani ya treni, niliyokuwaga naichora kwenye atlasi yako ya kufundishia, imekufa leo asubuhi. Kila nchi inataka viza yake, na kila ubalozi unasema leta kwanza ya wenzetu. Nilipopata ya tatu, ya kwanza ilikuwa imekwisha muda. Nikamuuliza mama wa dirishani, "Kwa hiyo nianze upya?" Akasema, "Wengi wanaanza upya," akafunga dirisha akaenda kula.

Dagaa ulionifungia, konzi moja kwa kila nchi, wameisha kwenye foleni. Konzi ya Italia nimeila leo nimekaa chini ukutani, nalia kama mtoto. Na sabuni ya Ulaya mliyoniagiza ndiyo basi tena.

Mama ameshatangaza Butiama nzima kwamba niko Ulaya. Nitarudi kwa uso gani?

Yeye hajui kusoma. Mpe kadi ashike mwenyewe, mwonyeshe upande wenye treni, mwambie Magesa yumo behewa la pili na anakula vizuri.

Nawapenda sana. Mdogo wako,
Magesa

Ila kwanza bandua stempu, dada. Ina twiga, na twiga Mama anamjua.