Idhini Iliyotolewa Siku ya Posho

"Zamani makala za maadili ya utafiti zilikuwa chache mno; leo kila jarida lina yake. Citoyen Mwalimu, watu wanalindwa kuliko zamani." Ndivyo alivyoniambia leo daktari wa kiwanda, mbele ya rafu ya majarida katika maktaba ya mapadri. Jumatano, mvua tangu alfajiri. Nimerudi nimelowa, na nina hasira.

Kinachoongezeka ni karatasi.

Alinipa makala yake mwenyewe, kwa fahari. Anausifu utafiti wake wa vumbi na mapafu hapa Likasi: wafanyakazi wote waliridhia kwa hiari, kila mmoja akatia alama ya kidole.

Naikumbuka siku waliyotia vidole. Ilikuwa siku ya posho, na fomu za daktari ziliwekwa kwenye meza ile ile ya karani anayegawa unga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kalala, mume wa dada yangu, anayeendesha mashine ya kuponda mawe. Nikamuuliza alikubali nini.

"Kukubali nini, shemeji? Minye nilizani ni ya bunga. Siku ya posho tunatiaka tu kidole, tunabeba mufuko, tunaenda."

"Na picha ya kifua?"

"Walipiga. Nikasema, leo bunga iko na mambo mingi!"

Dada yangu akacheka. Kalala naye akacheka, mpaka kikohozi kikamkatiza.

Makala ina jedwali lisilo na majina. Lakini mponda mawe aliyetimiza miaka kumi na tisa ya kazi kwenye mashine hiyo ni mmoja tu kiwanda kizima. Mbele yake imeandikwa, kwa Kifaransa: mapafu yote mawili yameharibika, aondolewe kwenye vumbi.

Wasomaji wa Ulaya wanajua. Kalala hajui.

Na mimi, mpiga kelele mkubwa, sikumwambia. Nilikula bukari, ugali wao, nikaaga.

Likizo ya Kalala inaisha. Jumatatu anarudi kwenye mashine.

Daktari, maneno haya nayanakili sasa hivi kama barua, na kesho asubuhi utayapata mezani kwako. Acha kwanza makala yako inayofuata. Chukua ile picha ya kifua, uje kwa Kalala kabla ya Jumatatu, umweleze kilichomo ndani yake, kwa Kiswahili. Kisha utie saini wewe, kwa mkono wako, kwamba haruhusiwi kurudi kwenye vumbi.

Nitakungoja mlangoni kwake.