Ombi Nililomtolea Kamene

Jumanne, 4 Juni 1957
Familia ya kumi na saba leo, hapa Thika. Daktari Halden anachunguza akili za vijana wa mashambani na hali ya nyumba zao. Yeye ana maswali; mimi, mwalimu wa zamani, nina Kikamba na tumbo la kutuliza watu. Anasema watu hunifungukia. Ndunge, mke wangu na mama wa Kaleli wetu, anasema hunifungukia ili ninyamaze.

Kamene, miaka kumi na sita, binti wa Ngina wa kambi ya mkonge. Halali usiku, hali chakula, masomo yameanguka. Nikamwambia ninavyowaambia wote: utakayosema yatabaki kwenye daftari. Akasema. Mwaka jana mdogo wake, Mwongeli, alizama bwawani. Nyumbani wanajua mtoto alitoroka peke yake, Kamene akiwa shuleni. Kumbe siku ile hakwenda shule. Alikuwa pale pale ukingoni, amempa mtoto mgongo, anafua sare yake. Hajamwambia mtu. Mimi ndiye wa kwanza.

Chai yao sikuimaliza. Mimi, kuacha chai!

Jumapili, 9 Juni
Kanisani mchungaji akauliza nani ana ombi. Mkono wangu huinuka wenyewe, nimezoea — mzee wa kanisa asiye na ombi anaonekana kama amelala. Na kweli msichana alikuwa amenikaa moyoni wiki nzima. Nikasimama. Tumwombee binti mmoja, nikasema, jina silitaji, mdogo wake alikufa maji naye alikuwapo, na hajaweza kumwambia mama yake.

Jina sikulitaja! Nikakaa nimeridhika kabisa. Watu wakaomba kwa machozi.

Wakati wa amina nikafumbua macho. Ngina alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake, amegeuka, ananitazama. Kambi nzima, bwawa moja, mtoto aliyezama ni mmoja.

Jumatatu, 10 Juni
Ndunge ameniuliza jina nililibakiza la nini, si ningemalizia tu. Nikangoja acheke. Huwa anacheka.

Jumatano, 12 Juni
Ngina hajamsemesha binti yake tangu Jumapili. Hampigi, hamtukani. Anapakua chakula, anakiweka, anaondoka. Jana Kamene akatoka bila hata kitabu, akaenda kwa mama yake mdogo, Nduku, kwenye shamba la kahawa Ruiru. Leo Nduku ametuma neno: msichana hali chakula, anashinda amekaa kando ya bwawa la kuoshea kahawa, anayatazama maji. Nduku ameacha kuchuma ili asimwache peke yake.

Nimemwambia Daktari yote. Nilitaka anifukuze, ingekuwa rahisi. Akauliza kwanza kama kuna mtu anayekaa na msichana. Kisha akasema, kwa upole, na huo upole ndio mbaya, kwamba familia zote kumi na saba ziliniamini mimi, si yeye. Nikajitetea kwamba nilikuwa naomba tu. Hata masikioni mwangu ilisikika vibaya.

Niende Ruiru, amesema. Bila fomu.

Jumamosi, 15 Juni. Ruiru
Nimekuja kwa baiskeli. Milimani mimi ndiye niliyeisukuma baiskeli, si yenyewe kunibeba. Nimekuta Ngina ameshafika kwa basi. Yeye na Kamene wamekaa chumba kimoja, magoti karibu yagusane, kila mmoja anatazama upande wake. Nduku anakoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Nikamwomba Kamene msamaha. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njia nzima. Akayasikiliza yote.

"Mwalimu, ulisema daftari."

Basi. 

Kisha Ngina akasema, akinitazama mimi: "Baba Kaleli, muulize kama mtoto aliita."

Nikamwambia binti yako huyu hapa, mama, muulize mwenyewe. Akasema sivyo, mimi ndiye ninayeambiwa mambo, basi nimuulize mimi.

Kamene hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi. Jibu ninalo, alinipa Jumanne ile. Naona Ngina naye amesoma usoni kwangu kwamba ninalo. Uso wangu haujawahi kufunga mlango.

Nikasema nakwenda kuangalia baiskeli. Mwoga mkubwa! Naandika haya nimeegemea ukuta wa Nduku, karatasi juu ya tandiko. Nikirudi nikasema, nitakuwa nimemsemea mara ya pili. Nikikataa, watakaa hivyo hivyo mpaka lini? Nduku amechungulia, ananiambia uji umepoa na hakuna aliyegusa.

Ngina anauliza tena. Nasikia kupitia ukutani, sauti ya chini.

"Kamene. Alikuita?"

Safari hii anamuuliza binti mwenyewe, jina langu hakulitaja. Jibu bado. Kigoda kimesogea. Nduku ananipungia mkono niingie.

Siingii.