Nafasi ya Babu kwenye Keki

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mama kapiga simu kutoka Louisville nikiwa na dawa ya nywele nusu kichwa. Huwa anajua kuchagua wakati. Kasema keki ya besdei ya binti yangu Florida ataipika yeye, kama kila mwaka. Nikasema asante Mama. Kasema ataileta mwenyewe hapa Buffalo. Nikasema asante Mama. Kasema atakuja na Mzee Salvatori. Hapo sikumbuki nilisema nini — dawa ilikuwa inaniunguza.

Halafu likaja lenyewe. Anataka Mzee Salvatori aitwe kwenye kulishana. Si mwisho mwisho pamoja na majirani. Aitwe baada ya mimi na mume wangu Bernard, kabla yake yeye Mama. Nafasi ya Babu. Nafasi ya Baba yangu! Kasema mzee akishalishwa pale mbele, watu wataelewa wenyewe, hatakuwa na kazi ya kumweleza mtu. Na asipoitwa? Basi keki itabaki Louisville, na yeye atabaki nayo. Tukanunue ya dukani, ile ya bluu, rangi ya dawa ya meno.

Nina miaka thelathini na nne na mama yangu ana mchumba. Mimi na mume wangu mara ya mwisho kutoka wawili tulikwenda kubadilisha matairi.

Jumanne, 28 Oktoba

Kaka Eliamini ameshajua. Kapiga kutoka Gahanna, pembeni ya Columbus. Anakaa karibu na uwanja wa ndege, kila sentensi inabidi aiseme mara mbili. Kwamba huyo mzee akiitwa Babu, yeye hatii mguu Buffalo, sasa wala Krismasi. Kwamba Baba ana miaka mitatu tu kaburini. Nikamwambia na Mama ana miaka mitatu mezani peke yake. Kakata simu. Au ndege ilipita.

Hasira yake naielewa, na hicho ndicho kinachoniudhi. Kwetu keki si chakula, ni kikao cha ukoo. Mwenye besdei anashika kipande, MC anaita, unakwenda mbele, unapanua mdomo, unapigwa picha. Ukiitwa mapema wewe ni mtu wa nyumba hii. Ukiitwa mwisho wewe ni mgeni mwenye njaa. Tangu Baba afariki, ikifika zamu ya Babu, Bernard anashusha sauti, anasema Babu yupo nasi kiroho. Watu wanatazama viatu vyao. Halafu Mama anakwenda mbele peke yake, anatafuna, anarudi kukaa. Kwenye picha zote anaonekana kama anameza kidonge.

Nataka Mama aje. Nataka Kaka aje. Sina ndugu wengine Marekani hii nzima. Hilo tu.

Jumamosi, 1 Novemba

Florida kaniuliza kwa nini keki ya Bibi inanuka moshi. Kauliza kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiswahili, kila mtu akabaki na lugha yake. Ndiyo maana huku naandika Kiswahili — mtoto ameshajua kusoma!

Inanuka moshi kwa sababu Mama haamini oveni. Kule nyumbani Usangi alikuwa anapika keki kwenye sufuria, makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Tukabahatika kupata green card, tukahamia Louisville, akakabidhiwa jiko la umeme kubwa la kung'aa. Akaligeuza kabati la sufuria. Nilipotimiza miaka kumi na miwili akatoka na mkaa wake nje, kwenye ngazi za ghorofa, mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio. Jirani akaita zimamoto. Wakaja na makofia yao. Mama akawaambia, kwa Kiingereza chake cha miezi miwili, wasubiri, haijaiva. Wakasubiri! Mmoja alikula vipande viwili.

Na chini lazima iungue. Kila mwaka. Mama anaikwangua kwa kisu, anafunika kovu kwa sukari, anasema hiyo ndiyo ladha yenyewe. Ukishamaliza kulisha watu unamwagiwa maji. Siku ile ya zimamoto Kaka alinimwagia ndoo nzima, nikaugua mafua mpaka wiki ikaisha. Baba alicheka akakaa chini kwenye theluji.

Baba. Kuna jambo Kaka halijui. Baba alikuwa haipendi keki hata kidogo. Kila mwaka anaitwa mbele, anapanua mdomo, anatabasamu kwenye kamera, halafu anatoka nje "kuangalia gari". Siku moja nikamfuata. Anaitema kwenye leso! Akaniona, akaweka kidole mdomoni, nikanyamaza mpaka leo. Sasa hiyo ndiyo nafasi takatifu tunayotaka kutoana macho kwa ajili yake.

Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nimelia kidogo. Basi.

Jumatano, 5 Novemba

Kazini. Kutwa nasafisha meno ya watu na kuwahubiria kuhusu sukari. Mzee mmoja kanipanulia mdomo, nikajikuta nawaza: huyu angeitwa wa ngapi?

Bernard kasema nimwachie yeye. Ataongea nao wote wawili, kistaarabu. Siku za kazi anafundisha hesabu kule chuoni Amherst. Jumamosi ni MC wa kila sherehe ya Watanzania mji huu, na akishika kipaza sauti anajiona balozi. Nimemwachia. Nimechoka.

Jumapili, 9 Novemba

Nitamuua Bernard.

Baada ya ibada Mama kapiga, sauti ya msichana wa miaka ishirini. Mkwe wake ana hekima, Mungu ambariki, na Mzee Salvatori ameshanunua suti. Nikafurahi, nikajua Kaka kalegea. Sijamaliza vyombo, Kaka naye huyo. Shemeji ana akili sana, kumbe Mama kaelewa, nafasi ya Baba haiguswi, basi anakuja.

Nikamkuta mume wangu gereji anajaza maputo upepo. Sherehe wiki ijayo, maputo leo! Nilipomtazama tu akajua. Kila mmoja kamwahidi anachokitaka. Kila mmoja! Kajitetea kwamba wakishafika wote wataona haya kugombana mbele ya wageni. Nikamwambia hajui ukoo aliooa. Sisi bila wageni hatugombani, hatuoni faida.

Nikashika simu niwaambie ukweli. Nikiwaambia, mmoja haji. Nimeirudisha mfukoni. Kwa hiyo nyumba hii sasa ina waongo wawili, na mmoja ana kipaza sauti.

Alhamisi, 13 Novemba

West Side, dukani kwa Nyirakamana, kununua mchele na nyama ya mbuzi. Duka dogo, masikio makubwa. Alishajua kila kitu, sijui kajulia wapi. Kanishauri niwaite mbele wote kwa mkupuo, kama kwaya. Nikamwambia haiwezekani, kwetu ni mmoja mmoja. Kashangaa. Kasema kwao Goma keki ilikuwa inakatwa, inaliwa, watu wanacheza muziki.

Inaliwa tu! Nimemwonea wivu mpaka kwenye basi.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku gani hii.

Saa tano asubuhi gari la Mzee Salvatori limezimika barabara kuu, karibu na Columbus. Mama hakunipigia mimi. Kampigia Kaka: "Njoo utuchukue, nina keki." Kwamba yuko na mzee hakutaja. Na Kaka akaenda, kwa sababu kwetu mtu unaweza kumwacha barabarani, keki huwezi.

Wamefika jioni, theluji imeanza. Kaka kwenye usukani. Mama mbele. Nyuma Mzee Salvatori, suti imening'inia dirishani, keki mapajani, mkanda mmoja umewafunga yeye na keki. Nimemwamkia. Mrefu, mwembamba, anatabasamu kabla hujasema kitu. Ni Mrundi, kaonana na Mama kwenye kwaya, hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba anamwita "Mama Eliamini". Jina lingine hana. Kila akimwita, Kaka anageuka.

Zaidi ya saa tano gari moja! Wameongea nini? Mama kasema alilala. Mzee kasema barabara ilikuwa nzuri. Kaka nimembana jikoni. Kasema huyo mtu anakoroma hata akiwa macho. Halafu kasema, akitazama sinki, keki haijatikisika tangu Columbus.

Kisha akaniuliza kama aliyoyasema Bernard ni kweli. Nikafungua friji. Sikuwa natafuta kitu kwenye friji.

Bernard kanifuata bafuni, ananong'ona: kesho amwite nani? Nimemwambia apige mswaki.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama kaamka kabla ya wote, anamnyooshea mzee shati, anaimba. Hakujua niko mlangoni. Sijamsikia akiimba nyumbani tangu msiba. Pale pale nikajua jibu langu, na nikachukia kulijua.

Kaka alikuwa nje anakwangua theluji kwenye kioo cha gari. Nikamweleza yote, kwamba Bernard kawadanganya wote wawili, na kwamba leo anayeamua ni mimi.

"Ataitwa, Kaka. Nafasi ile ile."

Akaendelea kukwangua. Kioo kilikuwa kimeshatakata.

"Na Baba angesemaje?"

Nikamwambia kuhusu leso. Yote, mpaka kidole mdomoni. Akasema natania. Nikasema kila mwaka, Kaka, kila keki. Akageukia upande wa barabara, mabega yakamtikisika. Sijui alikuwa anacheka au nini, na sikuzunguka kumwangalia. Aliponigeukia tena macho yalikuwa mekundu, na hakuniambia kama anabaki au anaondoka. Ufunguo wa gari anao mkononi.

Jumamosi hiyo hiyo, alasiri

Niko chumbani, ghorofani. Haraka haraka.

Watu wamejaa sebuleni. Kaka hajavua jaketi tangu asubuhi, kasimama karibu na mlango na ufunguo wake. Bernard na kipaza sauti — chumba ambacho ukikohoa wote wanasikia! Florida kamlisha baba yake, kanilisha mimi. Bernard akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa naomba tumkaribishe Babu."

Mzee Salvatori akainuka ndani ya suti yake mpya, akatazama huku na huku kuhakikisha ni yeye. Na Kaka naye akaondoka mlangoni. Si kwenda nje. Akaja ndani, moja kwa moja, watu wanampisha, mpaka akasimama ubavuni kwa mzee. Kumzuia? Kumpiga? Mama akafunika mdomo kwa khanga.

Florida yeye hana habari, kanyanyua kipande. Mtoto mfupi, mzee mrefu, lazima ainame. Akainama nusu, mgongo ukakataa. Saa zote zile za jana kakaa wima na keki ya Mama! Mkono ukawa unatafuta hewani kitu cha kushika. Kiti hakuna. Ukuta mbali. Ukaliangukia bega la Kaka.

Na hapo Bernard akapiga kelele hakuna kutikisika, simu yake imejaa, video haiingii. Kwetu keki isiyochukuliwa video haijaliwa. Nikatumwa juu kuleta ya kwangu.

Kwenye ngazi niligeuka. Florida mikono juu, sukari inamchuruzikia kwenye kiwiko. Mzee kapanua mdomo. Kaka anautazama ukuta, kakunja uso, amebana meno. Lakini nilimwona akisogeza mguu wa kushoto nje kidogo, ili asimame imara.

Mama anaita jina langu. Bernard anaita. Florida anasema kwa Kiingereza mkono unamuuma.

Simu ninayo mkononi tangu nilipoingia. Waache wasimame kidogo.