Neno la Kale la Kumeza

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Pasi tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Atim nimemlaza kwenye mkeka, jikoni kwa Mzee ninayemfanyia kazi. Homa bado. Klorokwini nilimfichia ndani ya ndizi mbivu. Ndizi kameza, kidonge katema. Miaka mitatu tu, ujanja wote huo! Sukari ya kupoza uchungu haipo Nsambya nzima, labda kwa wanajeshi.

Mzee alicheka. Ni Mhungari, mwalimu. Kazi yake kutafuta maneno yalikotoka. Kwao kumeza ni nyel. Wafini husema niele. Wale wanaofuga paa kwenye theluji nao wana lao, limefanana. Ameyalinganisha, akarudi nyuma mpaka kwa neno lililo bibi wa hayo yote: nyele. Halikuandikwa popote. Waliolisema walikufa zamani sana.

"Leo hakuna mdomo unaolisema, Mama Atim."

"Basi mjaribie huyu, Mzee. Mimi nimechoka."

Akapiga magoti. "Nyele, Atim. Nyele." Mtoto akamtemea kwenye shati nililotoka kulipiga pasi.

Jumanne, 6 Agosti
Amechemka usiku kucha. Dawa katapika. Muuguzi kasema isipokaa tumboni kesho, degedege litamchukua. Baba yake yuko zamu Arua, hana habari. Mzee kaahidi kunitafutia sukari kwa rafiki yake.

Jumatano, 7 Agosti
Mlango wa Mzee wazi. Karatasi zake zina alama za buti. Mlinzi wa jirani hakuniangalia usoni. "Walikuja na gari bila namba. Rudi nyumbani, mama. Hujaona kitu."

Nimerudi. Kazi hakuna, sukari hakuna. Lakini kidonge ninacho.

Nilimpakata, nikambana pua. Alilia, nami nikalia. Sikumwachia. Meza, mwanangu. Meza. Kameza. Nikamshika kidevu mpaka akasinzia. Dawa haikurudi.

Lile neno la Mzee, nadhani walilitunza wanawake wenye watoto wagonjwa.

Jumapili, 11 Agosti
Homa imeisha. Ameomba uji mwenyewe.

Wanasema Mzee kapandishwa ndege, kafukuzwa nchini. Naomba iwe hivyo.

Nilikuwa nafua. Atim kakaa mlangoni na gunzi la mahindi alilolivika kitambaa. Gunzi linaumwa. Alilipakata, akalishika pale penye kidevu, akalipa udongo kwa jani.

"Nyele," akaliambia. Polepole, kama Mzee. "Nyele, mwanangu."

Niliacha kufua, nikasikiliza.