Mwenzake Leso

Kibarani, Kilifi, 1988

Mama mpendwa,

Huko uliko sijui kama wanajifunga leso. Kama wanajifunga, najua umeshawachosha watu kwa maswali.

Unakumbuka tulipotoka bara, baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha korosho? Ulishangaa wee! Mama Kache, jirani yetu, alikuwa amejifunga leso moja na kujitanda nyingine. Punde akaivua ile ya juu, akaisokota ngata, akajitwika ndoo ya maji. Aliporudi akajifutia jasho kwa ile ile, akaepulia sufuria, kisha Kache alipolia akambeba nayo mgongoni. Ukaniuliza, "Naomi, hii ni nguo ama ni chombo cha jikoni?"

Nami, mtoto wa darasa la nne, mbio nikamuuliza mwenyewe. Alicheka hadi akakaa chini. "Mwambie mamako leso ni leso! Akiizoea hataiuliza tena."

Thubutu! Hukuacha. Mbona bi harusi anatunzwa leso, na mfiwa naye anajifunika leso? Mbona mgonjwa anatandikiwa? Mbona Mama Kache anaswali nayo? Mwishowe ukanishika mkono tukaenda Malindi kununua yako, nyekundu, ya korosho pembeni. Muuzaji akakufungulia doti nzima. "Hivi ni vipande viwili, mama. Kata hapa katikati, upinde. Kimoja ujifunge, kimoja ujitande. Usivitenganishe." Ukamjibu, "Nimeelewa." Nilikuwepo, nilisikia.

Haukupita muda Mama Kache akajifungua Riziki. Ukaenda kumpa hongera na kipande kimoja tu! Wanawake uani wakavunjika mbavu. "Masikini wa bara, kampa mzazi leso nusu!" Nawe ukacheka nao: "Jamani, mimi ningejuaje?" Nilipofungua mdomo kusema, ukanifinya. Uchungu wa ule mfinyo naukumbuka mpaka leo.

Basi ikawa ndiyo kawaida yetu, kipande kimoja kwake, kimoja kwetu. Mama Kache akienda matangani, hodi mlangoni: "Mama Naomi, nipe mwenzake." Nawe Jumapili: "Naomi, kamwambie Mama Kache anipe mwenzake." Leso ilitembea kuliko sisi. Na kila ilipokuja au kwenda, mlikaa mkaongea hadi chai ikapoa. Nilikuuliza mara ngapi kwa nini ulijifanya hujui? Ulinijibu, "Kasome vitabu vyako."

Ukaondoka bila kunijibu. Nimekukasirikia kidogo, mama, nakwambia ukweli. Mimba yangu imeingia mwezi wa mwisho, na ulisema nikishajifungua utanifunga tumbo kwa mikono yako. Usiku nakishika kipande chako nalia. Tumbo la mzazi hufungwaje? Kwa nguvu gani? Hilo sikukuuliza, mimi niliyekuuliza kila kitu.

Jana mchana, hodi mlangoni. Nikamwamkia Mama Kache shikamoo. Hakukaa, alikuwa na kipande chake mkononi, kimepauka kama chako. "Marahaba. Kilete cha mamako. Kimoja nikufunge tumbo, kimoja mbeleko ya mjukuu wangu. Mamako hayupo, mimi nipo."

Nikashindwa kujizuia. "Mama Kache, siku ile mama hakukosea. Alijua leso ni mbili."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Kwani mimi sikujua? Kipande kilikuja kimekatwa sawasawa, kimepindwa vizuri. Mtu asiyejua angepinda hivyo? Nilikipokea nikanyamaza. Nilikuwa nimeolewa mbali na kwetu kule Adu, sina ndugu hapa. Na mimi nilitaka mtu wa kubishia hodi."

Basi mlijua nyote wawili, miaka yote hiyo, na hakuna aliyemwambia mwenzake! Nimecheka, nimelia, mtoto tumboni akanipiga teke.

Lala, mama. Vipande vyote viwili viko kwangu, nimevifua, vimeanikwa uani. Akija mjukuu wako, kuna wa kunifunga.

Mwanao uliyemfinya,
Naomi